Kanda 267 za Delia Derbyshire: Yanayosemwa Mwanza na Ukweli Wenyewe

Hapa Mwanza tupo watu wachache, wengi wetu tukiwa watengenezaji wa muziki wa kompyuta na wafanyakazi wa redio, tunaokusanya saini kuomba kanda za Delia Derbyshire zifunguliwe ili umma uzisikie. Derbyshire alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Coventry mwaka 1937, na ni mmoja wa waasisi wa muziki wa kielektroniki. Alipofariki mwaka 2001, darini mwa nyumba yake zilikutwa kanda 267 za sumaku. Tangu tuanze kupitisha karatasi yetu katika studio za Kirumba, Nyakato na Nyegezi, tumeelezwa mengi kuhusu kanda hizo, mengine na wanaotupinga na mengine na wanaotuunga mkono, na sehemu kubwa ya maelezo hayo si sahihi. Ombi lililosimama juu ya habari zisizo sahihi ni rahisi kukataliwa, ndiyo maana naona ni lazima tuyasahihishe kabla ya kuomba saini nyingine hata moja.

"Huo ni muziki wa Wazungu, sisi wa ziwani hautuhusu"

Wanaosema hivi huamini kwamba muziki wa kielektroniki ulizaliwa Ulaya na kutufikia sisi ukiwa umekwisha kukua. Ukweli ni kwamba mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Cairo aliyesomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda nacho kwenye ngoma ya zar, ambayo msomaji wa pwani yetu ataitambua upesi kwa kuwa ina udugu wa karibu na ngoma zetu za kupunga pepo. Aliporudi na sauti za wanawake waliokuwa wakiimba, hakuridhika kuzihifadhi tu kama zilivyo, bali alizipitisha katika chumba cha mwangwi, akapunguza sauti ya msingi ya waimbaji na kubakiza mvumo unaoizunguka, kisha akairekodi upya hiyo mivumo mpaka ikawa utunzi mpya, ambao watu waliusikiliza katika maonyesho ya sanaa mjini humo mwaka uleule. Pierre Schaeffer, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa ndiye wa kwanza, alitangaza majaribio yake katika redio ya Ufaransa mwezi Oktoba 1948, yaani miaka minne baadaye. Kwa hiyo sanaa hii ilianza mapema katika bara letu, tena katika mji unaokunywa maji ya mto Nile, ambayo sehemu yake hutoka katika ziwa hili tunaloliona kila asubuhi. Mtu wa Mwanza anayedai kazi za waasisi zisikike anadai sehemu ya urithi wake mwenyewe, na hana haja ya kumwomba radhi yeyote.

"Mashine ndizo zilizotunga, yeye alibonyeza vitufe"

Dhana hii inaniuma kuliko nyingine zote, kwa sababu wanaoirudia ni vijana wanaotengeneza biti usiku kucha kwenye kompyuta na ambao wenyewe hukasirika wakiambiwa hivyohivyo.

Mwaka 1963 shirika la BBC lilihitaji muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni kiitwacho Doctor Who. Ron Grainer aliandika noti za wimbo kwenye karatasi, na kazi ya kuzigeuza kuwa sauti ikapewa BBC Radiophonic Workshop, karakana ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1958, ambako Derbyshire alikuwa mfanyakazi. Hapakuwa na kompyuta wala kinanda cha kielektroniki cha kupigwa kwa vidole. Sauti nzito ya besi ilitokana na uzi mmoja uliodonolewa na kurekodiwa, kisha kanda ikachezwa kwa kasi tofautitofauti ili kupata kila noti iliyotakiwa. Sauti za juu zilitoka kwenye mitambo ya kuzalisha mawimbi, ile inayotumiwa na mafundi kupimia vifaa. Kila noti ilirekodiwa peke yake, ikapimwa urefu kwa inchi, ikakatwa kwa wembe na kuunganishwa na inayofuata. Mashine ya kurekodi sauti nyingi kwa pamoja nayo haikuwapo, hivyo kanda kadhaa ziliwashwa kwa wakati mmoja, zikarekodiwa kwenye kanda nyingine. Siku moja noti moja ilipokosa kuoana na nyenzake, Derbyshire na msaidizi wake, Dick Mills, walilazimika kuzitandaza kanda kwenye korido ndefu na kuzifuata kiungo kwa kiungo mpaka wakaliona kosa lilipo.

Miaka minne hivi baadaye alitakiwa kutunga muziki wa filamu ya hali halisi kuhusu Watuareg wa jangwa la Sahara. Alichukua kivuli cha taa cha chuma, cha rangi ya kijani, akakigonga, akarekodi mlio wake, akaukata mwanzo ule wa kishindo na kubakiza mvumo unaofuata, kisha akauchunguza mvumo huo umeundwa na mawimbi gani na kuujenga upya kwa mitambo yake. Kwato za ngamia unazozisikia humo ni sauti ya mdomo wake mwenyewe, iliyokatwa vipandevipande. Alikuwa amesoma hisabati na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na hesabu hizo zote alizifanya kwa mkono. Hata hivyo utaratibu wa BBC wa wakati ule haukuruhusu jina lake litajwe, na Grainer mwenyewe alipotaka wagawane haki ya utunzi, ilishindikana. Jina la Derbyshire lilionekana kwenye skrini ya kipindi hicho kwa mara ya kwanza mwaka 2013, miaka kumi na miwili baada ya kifo chake.

"Aliye na kanda ndiye mwenye muziki, anatunyima kwa roho mbaya"

Hapa ndipo wengi wa wanaotuunga mkono wanapotukosea. Kanda za darini zilikabidhiwa kwanza kwa Mark Ayres, mhifadhi wa kumbukumbu za karakana ile, na mwaka 2007 zikapelekwa Chuo Kikuu cha Manchester kwa mkopo wa kudumu. Karibu zote zilihamishiwa katika mfumo wa dijitali, na mkusanyiko huo unatunzwa katika maktaba ya John Rylands ya chuo hicho. Kuitukana maktaba kwamba inaficha ni kumtukana mlinzi wa ghala kwa mali isiyo yake.

Kumiliki kanda na kumiliki kilichomo ndani yake ni mambo mawili tofauti kisheria. Uingereza hulinda utunzi wa muziki kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake, maana yake utunzi wa Derbyshire utaendelea kulindwa mpaka mwisho wa mwaka 2071. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatoa muda mfupi kidogo, maisha ya mtunzi na miaka 50, lakini msingi ni uleule. Juu ya haki ya utunzi kuna haki ya rekodi yenyewe, ambayo ina muda wake na huenda ikawa ya mtu mwingine kabisa. Kazi alizozifanya akiwa mwajiriwa ni za mwajiri wake. Alizozifanya nje ya ajira, kwa ajili ya majumba ya tamthilia na wasanii wengine, zina makubaliano yake zenyewe, na kama kanda ina sauti ya mwigizaji au kipande cha mtunzi mwingine, mtu huyo naye ana sauti yake katika jambo hili. Kwa hiyo kanda moja ya dakika thelathini inaweza kuhitaji ruhusa ya pande tatu au nne, na kila upande una haki ya kukataa.

Sisi tuliokulia Usukumani hatupaswi kushangaa. Manju aliyetunga wimbo wa wigashe, ngoma ya Kisukuma inayochezwa watu wakiwa wamekaa, anajulikana, na mtu akiuimba wimbo huo kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, na kudai ni wake, hapatakalika. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za watu wetu, na rekodi zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Nani angefurahi kama kampuni ya mbali ingeziuza nyimbo za babu yake kwa hoja kwamba kanda ziko kabatini mwake? Tunachokataa kufanyiwa tusikitake kwa wengine.

"Humo mna albamu nzima zilizokamilika"

Zipo kazi zilizokamilika, ila sehemu kubwa ya kanda za namna hii ni malighafi: mlio mmoja uliorudiwa kwa kasi tano tofauti, vipande vilivyounganishwa kuwa duara ili vizunguke bila kukoma, majaribio yaliyoachwa njiani. Lebo nyingi zilikuwa zimebanduka, kwa hiyo mtafiti anapaswa kusikiliza, kulinganisha na nyaraka za karakana na kukisia kwa uangalifu kipande ni cha kazi ipi. Huo si upungufu. Mwaka 2008 chuo kilipotoa kisikike kipande kifupi cha mwishoni mwa miaka ya 1960, chenye mdundo ambao mtu angedhani umetengenezwa kwa ajili ya disko la miaka ya 1990, dunia ilishtuka, na kipande hicho kilikuwa jaribio tu. Kwa mtengeneza muziki, jaribio linafundisha kuliko kazi iliyosafishwa, kwa kuwa ndani yake unamsikia mtunzi akiamua. Ila tuseme kweli tunapoomba saini, ili mtu asije akategemea nyimbo kumi na mbili za kuchezwa kwenye sherehe.

"Kanda haiozi, tusubiri tu"

Fundi mmoja wa redio pale Makoroboi, mzee anayeheshimiwa na wote wanaopita na vifaa vyao, alituonyesha kanda ya magurudumu iliyokaa miaka mingi katika nyumba ya karibu na maji. Alipoiwasha ilitoa mlio mkali kama wa breki, ikasimama, na kwenye kichwa cha kusomea kukabaki utando wa kahawia wenye kunata. "Angalieni, wanangu," alisema, "huo ndio muziki wenyewe umebanduka." Alisema kweli. Sauti huhifadhiwa katika chembe za oksidi ya chuma zilizogandishwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikalainika. Kanda za namna hiyo huweza kupashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa katika tanuri maalumu, zikachezeka kwa muda mfupi wa kutosha kunakili. Zile za zamani zaidi, za asetati, huharibika kwa njia nyingine: hutoa harufu ya siki, hujikunja na kukatika.

Uhamishaji nao hauna njia ya mkato. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuisikiliza, mbali na kuisafisha na kurekebisha mashine, na faili lake, likirekodiwa kwa ubora unaotakiwa na wahifadhi, huchukua takribani gigabaiti 2. Kanda za Derbyshire, karibu zote, zimekwisha kupita hatua hiyo. Zilizo katika hatari ni zile zilizobaki kwenye makabati ya redio na ya watu binafsi kandokando ya ziwa hili, ambako unyevu haupumziki, na kila anayesoma maneno haya akiwa na kanda nyumbani aiondoe sakafuni leo, aisimamishe wima mahali pakavu, na asiijaribu kwenye mashine chakavu.

"Saini zikifika nyingi, watalazimika kutoa"

Hakuna sheria inayosema hivyo. Saini humwonyesha mwenye haki kwamba wasikilizaji wapo, na humpa mtunza kumbukumbu hoja ya kwenda kuombea fedha na ruhusa, lakini hazifuti hakimiliki ya mtu. Vilevile haisaidii kusambaza nakala za wizi kwa kisingizio cha kumtangaza mtunzi, kwa sababu mwenye haki aliyeibiwa huwa mgumu zaidi kukubali, na mwanamke aliyenyimwa jina lake maisha yake yote hastahili kunyang'anywa tena akiwa kaburini.

Ndiyo maana karatasi tunayoipitisha sasa imeandikwa upya. Haidai kanda zote zitolewe bure. Inaomba mambo matatu: orodha kamili ya yaliyomo katika kila kanda iwekwe wazi kwa umma, vipande ambavyo haki zake zina mmiliki mmoja anayefahamika vishughulikiwe kwanza, vikiuzwa kwa bei ya kawaida na warithi wakilipwa, na vyuo vilivyo mbali na Manchester, kikiwamo cha hapa Nyegezi, viruhusiwe kwa mkataba kuwasikilizisha wanafunzi wao ndani ya maktaba, bila kunakili. Anayekubaliana na maneno hayo, na si mengine, ndiye tunayemwomba aweke saini.