Hapana, mashine yako ya presha si mbovu

Juzi imeletwa nyingine. Imefungwa vizuri kwenye mfuko, mkanda umekunjwa, betri zimetolewa kabisa. Aliyeileta ni kijana mstaarabu: "Shikamoo nesi. Hii kitu ni feki. Nimempima bibi mara tatu mfululizo, ikatoa namba tatu tofauti. Shangazi katuma kutoka Muscat, nadhani kaibiwa hela yake." Bibi mwenyewe kabaki nyumbani.

Nikamuuliza namba zilikuwaje. Za juu zilikuwa 158, 149, 146. Nikamwambia mashine ni nzima, irudishe. Akaniangalia kama mtu aliyejaribu kumkwepa. Foleni ya kliniki ya presha na sukari ilikuwa imefika mlangoni, sikuwa na nafasi ya kumweleza, kwa hiyo naandika hapa. Mwingine akija namtumia linki tu.

Presha haijawahi kuwa namba moja. Kila pigo la moyo lina presha yake. Ukiongea inapanda. Ukibanwa na mkojo inapanda. Ukikumbuka kesi ya shamba inapanda. Ukilala usingizi mzuri inashuka. Na kipimo cha kwanza aghalabu huwa juu kuliko vinavyofuata, maana mkanda unapoanza kubana mtu hushtuka kidogo, hasa mzee ambaye mjukuu kamsimamia kichwani anasubiri matokeo. Kwa hiyo 158, 149, 146 ndivyo mashine nzima inavyosema. Ingetoa 149, 149, 149, hapo ndipo na mimi ningeanza kuitilia shaka.

"Mbona ya hospitali haibadiliki?" Hili ndilo swali linalonipandisha presha mimi. Ya hospitali haibadiliki kwa sababu tunakupima mara moja! Unakaa, tunafunga mkanda, tunaandika kwenye kadi, mwingine. Tungekupima mara tatu ungeona namba tatu, na ungesema na yetu ni feki. Wazee wengi bado wanaikumbuka ile ya zebaki, yenye kioo kirefu, na wanasema ile ndiyo ilikuwa na ukweli. Ilikuwa nzuri, sikatai. Mtaliano Riva-Rocci aliitoa mwaka 1896, Mrusi Korotkov akaongeza kusikiliza mlio wa mshipa mwaka 1905, na dunia ikaitumia zaidi ya miaka mia. Lakini chukua kadi yoyote ya zamani uisome: 140/90, 130/80, 150/90, 160/100. Zote zinaishia na sifuri. Mishipa ya watu haipendi sifuri hivyo. Ni sisi tuliokuwa tunakadiria hadi namba ya karibu iliyokaa vizuri mdomoni. Ule uthabiti mnaoukumbuka ulikuwa mkono wa nesi.

Sasa zebaki inaondolewa kwa sababu ni sumu, kuna mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu hilo, na zilizobaki ni hizi za betri. Hizi hazisikilizi mlio wowote. Zinahisi mtikisiko wa damu ndani ya mkanda wakati hewa inapungua. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kabisa ni karibu na presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini mnazoziona zinakokotolewa kutoka hapo, kwa kanuni ambayo kila kampuni inaificha kama siri ya biashara. Ndiyo maana mashine mbili za kampuni mbili, mkono uleule, mtu yuleyule, zinaweza kupishana kidogo na zote zikawa nzima.

Kuna mahali ambapo malalamiko yenu yana haki. Mzee ambaye mapigo ya moyo hayana mpangilio kabisa, yanaruka, yanakimbia, yanasita, humpa mashine kazi ngumu kwa sababu kila pigo linabeba damu ya kiasi tofauti. Kwake tunapima mara tatu au zaidi tunachukua wastani, na hata hapo naandika namba huku nimekunja uso. Mashine nyingi huonyesha alama ya moyo inayowaka na kuzima ikihisi hilo. Alama hiyo ikija mara kwa mara, mleteni mzee apimwe moyo. Hilo linaweza kuleta kiharusi na lina dawa zake.

Tuje kwenye makosa yenyewe, maana mara nyingi yapo, ila hayako kwenye mashine.

Mkono. Bibi amekaa kitandani, miguu inaning'inia, kiganja kimelala pajani. Mkanda uko chini ya usawa wa moyo. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8 kwenye namba. Hiyo ni uzito wa damu yenyewe, haihusiani na ugonjwa. Mwekeeni mkono juu ya meza, au juu ya mito miwili, mkanda uwe usawa wa katikati ya kifua. Anayekaa kwenye mkeka aegemee ukuta, mkono juu ya kigoda. Nimeona presha "iliyoshindikana kwa dawa tatu" ikishuka kwa kuletewa kiti chenye mgongo.

Mkanda. Huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Mashine nyingi huja na mkanda wa kawaida, umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mama zetu wengi wa pwani, Mungu awazidishie afya, mkono wa juu una 35, 36, 38. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Mkubwa kwenye mkono mwembamba nao hupunguza, na wazee waliokonda ni wengi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko, soma. Kisha umwambie shangazi anunue mkanda wa saizi hiyo. Dakika moja. Hakuna anayefanya! Watu wanauliza rangi, wanauliza kama ina blututhi, mkanda hawaulizi.

Mengine haraka: akae dakika 5 bila kuongea, asikunje nne, awe ameshatoka chooni, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Mkanda kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mashine ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono. Programu za simu zinazokuambia uweke kidole kwenye kamera achaneni nazo. Kule Marekani mwaka 2016 moja iliyopendwa sana ilipimwa na watafiti ikakutwa inawapa wagonjwa wengi wa presha namba za watu wasio na presha, na kampuni ikashtakiwa na serikali.

Jinsi ya kupima ni hivi: siku 7, asubuhi kabla ya dawa na chakula, jioni kabla ya kulala, kila kikao mara mbili kwa kupishanisha dakika moja. Mtapata vipimo 28. Futeni vya siku ya kwanza, bado 24. Wastani wa hivyo 24 ndiyo presha ya bibi. Ukiwa 135/85 au zaidi, iko juu. Kliniki tunatumia 140/90 kwa sababu watu wakituona hupanda. Nyumbani kipimo ni kikali zaidi. Kuna wengine kinyume chake: kwetu wazuri, nyumbani wako juu, na hao bila mashine ya nyumbani hatuwezi kuwajua kabisa. Kwa ajili yao tu, mashine ya shangazi imelipa.

Andikeni kwenye daftari kila kitu, hata namba mbaya. Hasa namba mbaya. Najua daftari la kupikwa nikiliona: 130/80, 130/80, 132/80, 130/80, kalamu moja, wino mmoja, mwandiko wa mtu mwenye haraka. Mashine inasoma moja moja, kwa hiyo namba inatakiwa iishie na sifuri kama mara moja kati ya kumi. Halafu kuna kitufe cha kumbukumbu. Nikikibonyeza naona bibi alipimwa mara ya mwisho sikukuu ya Idi. Mjukuu hucheka, bibi hucheka, mimi pia hucheka, tunaanza upya.

Na sasa kundi la wasapu. Ninyi watoto mlio Dar, Nairobi, Muscat, Minneapolis: picha ya 162 ikitumwa saa nne usiku mnafanya kikao, mnaamuru bodaboda, mama wa miaka 78 anapakiwa gizani barabara ya vumbi kwa namba moja. Akifika hapa ana 185, nani asingekuwa nayo? Kubalianeni na kliniki mapema. Namba ikizidi 180/120 na ana maumivu ya kifua, pumzi inakata, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au macho yamepoteza nuru, hapo ni hospitali sasa hivi, msiulizane. Kama hana lolote kati ya hayo, apumzike, arudie kupimwa, kisha mpige simu kliniki. Chini ya hapo, bila dalili hizo, ni daftari. Tafiti zimeonyesha hili wazi: mashine peke yake haishushi presha sana. Inashusha pale namba zinapomfikia mtu anayeweza kubadilisha dawa, kama walivyoonyesha Uingereza kwenye jaribio lililotoka mwaka 2018. Kundi la wasapu la ukoo haliwezi kubadilisha dawa, ingawa linajaribu.

Jambo moja ambalo mngepaswa kulipima na hamlipimi: akiwa amesimama. Mpime amekaa, asimame, mpime tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndiye huyo anayeanguka akienda chooni alfajiri. Kwa mzee anayeishi peke yake, nyonga iliyovunjika humaliza uhuru wake haraka kuliko 150 ya asubuhi.

Hapa ndipo sina majibu safi. Mwongozo unasema tushushe, na ni kweli: jaribio la HYVET la mwaka 2008 lilionyesha hata waliozidi miaka 80 wakitibiwa wanapungukiwa na kiharusi na vifo. Lakini lengo lao lilikuwa 150/80, wagonjwa walikuwa wenye afya kiasi, na Afrika iliwakilishwa na Tunisia tu. Jaribio la SPRINT la Marekani, 2015, likaja likasema shusheni namba ya juu chini ya 120, ila halikuchukua wenye kisukari. Mbele yangu kakaa bibi wa miaka 84, ana kisukari, anakula mlo mmoja na nusu, anaishi na mjukuu wa darasa la tano. Nimshushe hadi wapi? Madaktari wawili ninaofanya nao kazi wana majibu mawili. Mimi hutazama anavyoinuka kwenye benchi kabla sijatazama namba.

Mkitaka tuhakiki mashine, njooni nayo Jumanne, mapema. Tunapima kwa kupokezana, yenu, yetu, yenu, yetu, mkono uleule. Zikipishana kwa 5 hivi, mko sawa. Zikipishana kwa 15 kila mara, hapo tutazungumza, ingawa mkiniuliza yetu ilihakikiwa lini, kuna siku nitabadilisha mada.

Na mje na bibi. Sina mkono wa kuupima nikiletewa mfuko peke yake.