Floraidi katika maji ya kisima: jinsi tunavyoipima hatari, na kwa nini tunaanza na mtoto

Wengi wanaotuletea maji ya kisima tuyapime hapa Nakuru huwa na swali moja: "Haya maji yana sumu ama hayana?" Ni swali la haki, lakini hata nikijibu ndiyo au la, mwenye kisima anarudi nyumbani bila kujua afanye nini. Floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji na ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, imo karibu katika kila kisima kirefu cha upande huu wa Bonde la Ufa. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano, ambayo maji hukaa nayo chini kwa chini miaka na miaka. Katika Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita, ambako maji huingia na hayana mto wa kutokea, imewahi kupimwa ikapita miligramu 1,000 kwa lita. Kisima cha Njoro au Rongai hakikaribii huko, ila visima viwili vya majirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya jirani usiyachukue kuwa yako.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho pia kiwango cha Kenya, ni miligramu 1.5 kwa lita. Watu wakishasikia namba hiyo hutulia au huingiwa na hofu. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu namba hiyo inaeleza maji, na anayeugua ni mtu. Nataka kujua nani anayanywa, kiasi gani kwa siku, ana uzito gani, na ameyanywa kwa muda gani.

Tuchukue kisima chenye miligramu 3 kwa lita, hesabu iwe nyepesi. Mtoto wa kilo 15, ukijumlisha maji ya kunywa, uji na chai, humaliza kama lita moja kwa siku. Hizo ni miligramu 3, na ukigawanya kwa kilo zake unapata miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili. Mama yake ana kilo 60 na hunywa lita mbili: miligramu 6, yaani 0.1 kwa kilo. Wote wamechota mtungi mmoja, lakini mtoto amebeba mara mbili ya mama. Sasa linganisha na kipimo ambacho shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekitumia kwa miaka mingi: miligramu 0.06 kwa kilo kwa siku. Mama amekipita kwa karibu mara 1.7, mtoto kwa mara tatu na zaidi.

Hapo ndipo wengi hushtuka, na nawaomba watulie kidogo. Mara tatu haina maana kwamba mtoto ataugua mara tatu zaidi ya wenzake. Kipimo hicho kiliwekwa kwa kuangalia dalili ya mapema kabisa, yaani madoa kwenye meno. Kukipita ni kusema kwamba kinga tuliyojiwekea imekwisha na madoa yanaweza kutokea. Jino huharibika lingali ndani ya ufizi, linapojengwa. Kwa meno ya mbele, miaka ya hatari zaidi ni ile minne ya kwanza, na kwa meno mengine huendelea hadi kama miaka minane. Likishatoka na rangi ya kahawia, hakuna kusugua kutakakoliondolea rangi hiyo. Ndiyo maana mtu aliyehamia Nakuru akiwa mkubwa hunywa maji yaleyale na meno yake yakabaki meupe, halafu akahitimisha kwamba maji hayana neno.

Kwa mtu mzima tunaangalia mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema madhara ya mifupa huwa wazi pale jumla inayoingia mwilini ikifika miligramu 14 kwa siku, na kuna dalili kwamba hatari huanza kupanda juu ya miligramu 6. Yule mama tayari yuko kwenye 6 kwa maji peke yake. Bado hatujahesabu majani ya chai, ambayo yenyewe yana floraidi, wala magadi. Magadi ya kulainisha githeri na maharagwe huwa na floraidi nyingi, na wanaotuletea maji karibu hawayataji mpaka tuulize. Mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu yake mbaya zaidi, kwa sababu floraidi hutoka mwilini kwa mkojo.

Kuna habari njema mbili. Maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo mtoto anayenyonya tu amekingwa; hatari humwanzia siku ya uji, au ya maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Ya pili ni kwamba floraidi ya maji haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kutisha. Ogeni, fueni, nywesheni bustani.

Njia ya kuingilia hubadilika kwa kila kemikali. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori na Kakamega, zebaki wanayotumia kunasa dhahabu, ikimezwa kwa bahati mbaya, haifyonzwi sana na tumbo, lakini mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu ukivutwa, sehemu kubwa hubaki mwilini. Anayechomea jikoni watoto wakiwa humo ndani anawavutisha wote.

Turudi kwenye mtungi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi popote. Maji yanapungua nayo inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Dawa ya klorini pia haiigusi. Kinachosaidia kwa urahisi ni mvua: maji ya mabati, ukishaacha yale ya kwanza yanayoosha vumbi yamwagike, karibu hayana floraidi. Ukichanganya nusu kwa nusu na kisima chetu cha mfano, unapata 1.5. Kama mvua haitoshi nyumba nzima, tenga tangi dogo la uji na maji ya kunywa ya watoto, wakubwa wavumilie. Nafahamu si kila nyumba itakubali, hasa baba wa chai tatu.

Pia kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Jimbo Katoliki la Nakuru limelifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ikichomwa vizuri haiachi harufu wala ladha. Shida yake ni kwamba mkaa huo unaonasa floraidi hushiba. Ukishashiba, maji yanatoka masafi kwa macho na floraidi yote imo. Chujio lisilopimwa mara kwa mara sitalitegemea, hata liwe la nani.

Ukitaka kutuletea maji, yaweke kwenye chupa safi ya plastiki. Chupa ya kioo inaweza kula floraidi na kuharibu majibu. Acha bomba litiririke dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze na uandike kisima na tarehe. Ukija kuchukua majibu usikubali kuambiwa tu "yako sawa". Dai namba, kisha utuambie umri na uzito wa mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, na kama mnapikia magadi.