Mgao wa samaki: si kuhesabu, ni kugawana

Ukimtajia mtu wa Mbeya neno "mgao", hatafikiria samaki. Atafikiria umeme: leo Uyole, kesho Soweto, keshokutwa Iyunga, mashine ya kusaga imelala na madebe yamepanga foleni mlangoni. Tuanzie hapohapo, kwa sababu maana ya msingi ni ileile. Mgao huja pale kitu kisipotosha kila mtu achote atakavyo, ikabidi watu wakae chini waamue nani apate, lini, na kiasi gani. Wengine husema kwota, na wapo wanaoitamka "kota", jambo linalochekesha huku kwetu kwa kuwa kota ni zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mimi nitabaki na mgao.

Mgao wa samaki ni uzito wa samaki wa aina fulani, kutoka eneo fulani la maji, ambao nchi, kampuni au chombo kinaruhusiwa kuvua ndani ya muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja. Vitu vinne: uzito, aina, eneo, muda. Kikikosekana kimoja, hapo hakuna mgao, kuna tamko la kwenye semina.

Mgao usichanganywe na ukomo wa mavuno. Ukomo ni gunia zima: tani zote zinazoweza kutolewa majini mwaka huu, wakabaki samaki wa kuzaa wa kutosha. Mgao ni sado, yale makopo ya kupimia sokoni, zinazotoka kwenye gunia hilo. Ukomo hupendekezwa na wanasayansi. Mgao huamuliwa na watu wenye tai, usiku, wakiwa wamechoka.

Nimesema gunia na sado kwa makusudi. Pale Mwanjelwa niliwahi kusimama pembeni ya kina mama wanne waliochanga hela kununua gunia moja la usipa kutoka Kyela. Gunia lilitarajiwa kutoa sado ishirini, tano kwa kila mmoja. Mgawaji akaanza kupima. Sado ya kwanza akaifuta juu kwa kiganja, sawasawa. Ya pili akaiacha na kichuguu kidogo. Ya tatu kichuguu kikawa mlima.

"Dada, futa hicho kilele," mmoja akamwambia.

"Hiki ni cha nyongeza tu, mama."

"Nyongeza ya nani? Hiyo tayari ni lumbesa."

Hapo nikacheka, lakini yeye hakuwa na utani. Alikuwa anaangalia chini ya gunia. Vilele vyote vile vilitoka mahali, na aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni alikuwa yeye. Ukiielewa hasira ya yule mama, sehemu kubwa ya mazungumzo ya uvuvi wa bahari umeshaielewa. Mkulima wa viazi wa Umalila au Njombe anaijua lumbesa vizuri kuliko waziri yeyote wa uvuvi: gunia linahesabiwa moja, mzigo ni wa gunia moja na nusu.

Sasa, gunia lenyewe linajulikanaje ukubwa wake, na samaki wako majini? Kule Sao Hill, Mufindi, kazi hii ina nafuu. Miti imepandwa kwa mistari, umri wake umeandikwa, msitu una ramani, na wavunaji wanapewa vibali vya meta za ujazo. Paini halihami usiku kwenda wilaya nyingine. Samaki anahama, anakula mwenzake, anafichwa na maji. Kwa hiyo wataalamu wanavua kwa sampuli, wanapeleka mawimbi ya sauti chini ya meli, wanakusanya takwimu za bandarini, na wanapasua vichwa vya samaki kutoa vijiwe vya masikioni. Kijiwe hicho kina pete, kama gogo lililokatwa kwa msumeno, na pete zinaeleza umri. Ukijua samaki wangapi wana mwaka mmoja, wangapi miaka mitano, na wakubwa wanapungua kwa kasi gani, unaweza kukadiria gunia. Ni makadirio. Kaskazini mwa Atlantiki kazi hiyo inasimamiwa na Baraza la Kimataifa la Utafiti wa Bahari, lililoanzishwa mwaka 1902 na lenye makao Copenhagen, na hata wao hukosea.

Kosa linalotajwa kuliko yote ni la Kanada. Pwani ya Newfoundland ilivuliwa kwa karne nyingi samaki wa maji baridi aitwaye kodi (si ile ya serikali). Katika miaka ya 1980 wingi wake ulikadiriwa kupita ukweli, na hata dalili mbaya zilipoanza kuonekana, ukomo ulishushwa polepole kwa kuogopa vilio vya viwandani. Julai 1992 uvuvi huo ulifungwa. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Kilichotangazwa kuwa kifungo cha miaka miwili kikafika zaidi ya miaka thelathini kabla ya uvuvi wa kibiashara kufunguliwa tena, nao kwa kiasi kidogo, mwaka 2024.

Lakini Newfoundland kwa sehemu kubwa ilikuwa nyumba moja, serikali moja. Pale samaki wanapokuwa wa nyumba tatu au nne ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, uliipa kila nchi ya pwani mamlaka juu ya rasilimali hadi maili za baharini 200 kutoka ufukweni, yaani kama kilomita 370. Ndani ya mstari huo nchi inajipangia ukomo wake. Tatizo ni kwamba mstari umechorwa kwenye ramani na samaki hasomi ramani. Akizaliwa kwa huyu, akanenepa kwa yule, akavuliwa kwa wa tatu, ni wa nani? Mkataba unazitaka nchi husika zitafute makubaliano. Hauzipi hesabu ya kugawana.

Hapo zinakuja hoja mbili, na karibu kila mkutano wa mgao duniani ni hizo mbili zikibadilishana nguo. Ya kwanza: "Sisi tumekuwa tukivua hapa tangu enzi za babu, tazama kumbukumbu zetu." Ya pili: "Samaki wanaishi na kula kwetu, ninyi mlikuwa na meli tu." Mkulima wa mpunga wa Mbarali hahitaji kufafanuliwa hapa. Aliye juu ya mfereji anasema maji yanapita kwangu. Aliye chini anasema shamba langu ni la zamani kuliko lako. Zote ni hoja za kweli, ndiyo maana ugomvi haumaliziki kwa kumtafuta mwongo.

Mfano mzuri, au mbaya, ni makreli wa Atlantiki, jamaa wa vibua tunaowajua. Kwa miaka mingi waligawanwa na Umoja wa Ulaya, Norwe na Visiwa vya Faroe. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 makreli wakaanza kuonekana kwa wingi upande wa kaskazini magharibi, hadi maji ya Iceland, ambako zamani walikuwa wachache. Iceland ikasema: wanakula kwetu, tutavua. Kufikia 2010 ikajipangia yenyewe tani 130,000. Wenzake wakasema hiyo si haki, lakini hakuna aliyepunguza sehemu yake ili kumpisha mgeni. Kila mmoja akafuta sado yake vizuri kabisa, kwa kipimo chake mwenyewe. Ukizijumlisha, asilimia zilipita mia.

Wote walikuwa wanakubaliana na wanasayansi kuhusu ukubwa wa gunia, na mara nyingine walisaini hadharani kwamba ukomo ni huo. Walichoshindwa ni kukubaliana juu ya sado. Hivyo mwaka baada ya mwaka jumla ya migao ikapita ukomo ambao wenyewe waliuheshimu kwa mdomo. Mwaka 2019 samaki hao wakasimamishiwa cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, na Septemba 2025 ushauri wa kitaalamu kwa mwaka 2026 ukawa kupunguza mavuno kwa kama asilimia 70. Lumbesa imelipwa na gunia.

Haina maana kwamba haiwezekani. Norwe na Urusi wanagawana kodi wa Bahari ya Barents tangu tume yao ya pamoja ilipoanza miaka ya 1970. Wanatenga sehemu ya nchi nyingine, kisha kinachobaki wanakata katikati, nusu kwa nusu. Walizungumza wakati wa vita baridi, na wameendelea hata baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, wakati karibu mazungumzo mengine yote kati yao yamekufa. Kwa 2025 walikubaliana kushuka hadi tani 340,000, kiwango ambacho wakati huo kilikuwa cha chini kuliko vyote tangu 1991. Nadhani siri yao ni uchache. Wawili wanaweza kukata mkate. Ishirini wanahitaji mwenyekiti, na mwenyekiti anahitaji rungu.

Na rungu ndilo linalokosekana kwenye bahari yetu. Jodari wa Bahari ya Hindi wanasimamiwa na kamisheni iliyoanza 1996, yenye ofisi kuu Victoria, Shelisheli. Tanzania ni mwanachama, na leseni za upande wetu hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Zanzibar. Mwaka 2015 jodari wa mapezi ya njano walitajwa kuwa wamevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata ukaja uamuzi wa kupunguza. Ila katiba ya kamisheni ina mlango wa nyuma: mwanachama akiandika pingamizi ndani ya muda uliowekwa, uamuzi haumfungi. Februari 2023, Mombasa, nchi zilipiga kura kubana matumizi ya maboya yanayoelea ya kuvutia samaki, ambayo hunasa jodari wengi wachanga. Kura ikapita. Pingamizi zikafuata, la Umoja wa Ulaya likiwemo, na nguvu ya uamuzi ikayeyuka.

Kuhusu kugawana jodari wenyewe, kamati ya vigezo vya mgao ilikaa mara ya kwanza Nairobi mwaka 2011. Miaka zaidi ya kumi baadaye bado ilikuwa kwenye hoja zilezile mbili: historia ya meli za mbali, na haki ya nchi za pwani ambazo hazikuwa na meli za kuandika historia. Msimamo wangu niuweke wazi: kumpa mtu sehemu kubwa kwa sababu aliwahi kuchukua sehemu kubwa ni zawadi ya ajabu. Lakini naelewa kwa nini asiye na kiwanda cha pili anaogopa kuiachia.

Basi, na Ziwa Nyasa? Swali hili huulizwa kila ninapoeleza mambo haya kwa mtu wa Kyela. Ziwa ni la watu watatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Hata mstari wenyewe una mgogoro. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 kwamba mpaka uko ufukweni kwetu, Tanzania inasema uko katikati ya maji. Usipa wanavuka pande zote mbili za ubishi huo bila pasipoti. Kwa nini nchi hizi zisiketi zikagawana tani?

Simama Matema alfajiri utaona jibu. Mitumbwi inarudi mmojammoja, taa za sola zimeshazimwa, nyavu bado zinachuruzika. Ndoo moja inakwenda kwa mama mkwe, nusu ndoo inakuwa posho ya wavutaji, nyingine imeshauzwa majini kabla ya kufika. Hakuna mizani. Meli ya makreli inashusha tani mia kadhaa kwenye gati moja lenye karani. Hapa kuna mialo mingi na ndoo zisizo na hesabu. Mgao usioweza kupimwa ni maneno. Tena usipa anaishi kama mwaka mmoja tu: ukimaliza kumhesabu, wa mwaka jana wameshakufa na wa mwaka huu wanategemea mvua na upepo.

Ndiyo maana maziwa yetu hutumia njia nyingine, kudhibiti uvuaji badala ya mavuno. Badala ya kusema "vua tani kadhaa", unasema tundu la wavu lisipungue hapa, kokoro marufuku, mazalia hayaguswi, mbasa wanaopanda mtoni kutaga waachwe wapite. Au unafunga kabisa kwa muda. Ziwa Tanganyika, ambalo tunalishirikiana na Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi wake ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kwa makubaliano ya nchi hizo. Ukiangalia vizuri, huo nao ni mgao, ila kinachogawanywa ni siku. Na hapo uzuri wake: kujua kama jirani ametii hakuhitaji mizani wala karani. Inatosha kutazama ziwani usiku kama kuna taa.