Picha za kuchekesha za zamani zinavyokufunza pa kucheka

Waketishe benchi moja, kwenye kibanda umiza (ukumbi mdogo wa video) cha Manzese, Dar es Salaam, aliyekulia kwenye Mr Bean na aliyekulia kwenye kanda za King Majuto. Hawatacheka pamoja. Wa kwanza anasubiri kuona, wa pili anasubiri kusikia. Sisi wahariri wa vichekesho tunaipigia hesabu tofauti hiyo kila tunapokata shoti.

Filamu za zamani za vichekesho zinakuzoesha kusubiri kwa namna fulani. Chukua The Music Box ya wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, ya 1932: watu wawili wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu za nje, Los Angeles. Kila mtu anajua piano itaporomoka. Hamu ni kuona itaporomokaje. Wakishaifikisha juu, tarishi anawaambia kuna barabara inayofika hadi kwenye nyumba. Basi wanaishusha tena piano yote, waipakie kwenye gari la farasi, wapite barabarani! Hapo kicheko kimehama: hatuichekei piano tena, tunawachekea wao. Anayezoea mpangilio huu huanza kucheka kabla jambo halijatokea, na watu humwona hana breki.

Chaplin anakulea kwingine. Katika The Gold Rush ya 1925 anakula kiatu cha kuchemsha (kilitengenezwa kwa likorisi). Kamba anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anainyonya kama mifupa, na muda wote ni bwana mstaarabu aliye mezani. Haonyeshi hata mara moja kwamba anachekesha. Walioshiba picha kama hizi hutania kwa uso mkavu, hata mtu akadhani anatukanwa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaziona zikiwa zimeshaharibiwa. Picha nyingi za bubu, zisizo na sauti, zilirekodiwa kwa fremu (picha mojamoja) 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Iliyorekodiwa kwa 18 ikichezwa kwa 24 inakimbia theluthi zaidi, na mwendo wa mtu unakuwa wa kuku. Wachekeshaji wenyewe walipenda mwendo uchangamke kidogo, lakini si kwa kiasi hicho. Kwenye YouTube weka kasi 0.75, 24 inarudi 18.

Kuikata picha kwa ajili ya status ya WhatsApp ni kubaya zaidi. Picha ya 4:3 (upana kwa urefu) ukiikata iwe 9:16, umbo la simu iliyosimama, bila kupunguza urefu, unabaki na kama asilimia 42 ya upana. Chaplin na mwenzake wa enzi za bubu, Buster Keaton, walipigwa shoti za mwili mzima kwa sababu kichekesho kiko miguuni, au pembeni, kwenye kitu ambacho mhusika hajakiona. Ukibakiza uso umetupa sababu.

Na wale watafsiri wetu, wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambao nawapenda, hujaza kila sekunde ya kimya. Kwenye picha ya mapigano haidhuru. Kwenye kichekesho, wakitangaza anguko kabla halijafika, mtazamaji anacheka maneno yao na jicho halijifunzi kitu.

Ukitaka kujua wewe umelelewa na picha zipi, chagua kipande cha dakika mbili usichowahi kukiona. Kizime sauti. Kila unapohisi kicheko kinakuja, simamisha, useme unatarajia nini, kisha endelea. Ukipatia karibu kila mara na bado ukacheka, wewe ni wa Laurel na Hardy. Ukikuta hukusimamisha popote, rudia na sauti, safari hii kwa kipande cha Majuto.