Kizigeu cha mtanuko wa kioo

Kizigeu cha mtanuko ni namba inayoonyesha kitu hurefuka kwa kiasi gani joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Anayetaka kuyeyusha pamoja, ndani ya tanuri, masalio ya vijiti vya kioo vya kutengenezea shanga hana budi kuijua kabla ya kuwasha moto, kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo vipande vitashikana au vitapasuana.

Vijiti laini (yaani vinavyolainika kwa joto la chini) vya Murano, Italia, hutambulishwa kwa namba 104, yaani hurefuka kwa sehemu 104 katika milioni 10 za urefu wake kwa kila nyuzi, ilhali kioo kigumu cha borosiliketi, aina inayostahimili joto kali kama ya vyombo vya maabara, kina 33 tu. Tuseme vijiti viwili vya sentimita 10, kimoja cha kila aina, vimegandamana vikiwa vya moto, kisha joto likashuka kwa nyuzi 300. Cha kwanza kitanywea takriban milimita 0.31 na cha pili 0.10. Ni tofauti ndogo mno, lakini kioo kilichopoa hakinyumbuki, kwa hiyo mvutano huo hubaki ndani yake hadi kipasuke, pengine siku kadhaa baada ya kutolewa tanurini.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kupoza polepole. Hatua hiyo ni ya lazima, ila inatibu ugonjwa mwingine, yaani nje kupoa kabla ya ndani. Kioo cha 104 huachwa kwenye nyuzi zipatazo 510 hadi joto lienee sawasawa, ndipo lishushwe. Unene ukiwa maradufu, kasi ya kulishusha huwa robo tu. Vioo visivyopatana havipatanishwi hata kwa subira ya wiki nzima.

Taabu ya masalio ni kwamba hayana lebo. Hapo hufaa jaribio la uzi: ncha za vijiti viwili huyeyushwa zikiwa ubavu kwa ubavu, huvutwa kuwa uzi mwembamba, kisha uzi huachwa upoe. Ukibaki umenyooka, mtanuko wao unakaribiana. Ukipinda, kioo kilicho upande wa ndani wa pindo ndicho kilichonywea zaidi. Hata hivyo, namba kulingana peke yake hakutoshi, maana vioo vyenye mnato (uzito wa kutiririka vikiwa vya moto) tofauti huganda kwa nyakati tofauti na vinaweza kuvutana vilevile.