Orodha ya wapiga kelele haijengi heshima darasani

Karibu kila mtu aliyesoma shule ya msingi Nairobi anaikumbuka karatasi hii. Mwalimu anaitwa ofisini, kiranja wa darasa anasimama mbele, anang'oa ukurasa katikati ya daftari na kuandika kichwa: Wapiga Kelele. Jina la kwanza linaingia, la pili linafuata. Anayelalamika kwamba hakusema neno anaongezewa "mara mbili", na akizidi kulalamika, "mara tatu". Mwalimu akirudi anapokezwa karatasi na hukumu inatolewa hapo hapo: piga magoti, kosa mapumziko, okota takataka uwanjani. Katika shule ambazo bado zinavunja sheria, ni kiboko.

Sisi wakufunzi tunaowaandaa walimu hapa jijini huikuta karatasi hiyo tunapozuru shule kuwatathmini walimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Ningependa ikome kabisa, kwa maana ndani yake mna takriban kila kosa linaloweza kufanywa katika kusimamia darasa.

Anayeandikwa hasikilizwi. Mtoto aliyekuwa akimwomba jirani yake kifutio na yule aliyekuwa akirusha vipande vya chaki wanapewa adhabu moja, kwa sababu karatasi haisemi nini kilitokea. Halafu kiranja wa miaka kumi anakabidhiwa mamlaka ambayo hata mtu mzima angehitaji kuchungwa akiyatumia. Marafiki zake haandiki. Aliyemnyima mpira jana anaandikwa wa kwanza. Kuna wanaofutwa kwa nusu andazi au peremende, na wenzao wanaona. Nchi hii inalia juu ya hongo kila siku; tusishangae ikiwa mtoto alijua haki inanunuliwa akiwa Gredi ya 4, ndani ya darasa letu, tukiwa ofisini. Kiranja mwenyewe naye anaumia, kwani baada ya kengele ya jioni anatembea njia moja na wale aliowaandika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mwalimu anayeadhibu kwa karatasi amewafundisha watoto kunyamaza kwa sababu wanatazamwa. Anayetazama akiondoka, hawana tena sababu ya kunyamaza.

Kelele yenyewe huanzia wapi? Mara nyingi huanzia mahali ambapo hakuna kazi. Mwaka wa 1970 mtafiti Mmarekani Jacob Kounin alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa madarasa yaliyorekodiwa kwa video. Alikuwa akitafuta tofauti kati ya walimu ambao madarasa yao yalitulia na wale ambao yao yalikuwa na vurugu, na alitazamia kuiona katika namna wanavyokemea na kuadhibu. Hakuiona huko. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyofanyika kabla ya kosa: mwalimu bora alijua kinachoendelea kila pembe ya chumba na wanafunzi walijua kwamba anajua, aliweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na alivuka kutoka shughuli moja hadi nyingine bila kuacha pengo. Zaidi ya nusu karne imepita na bado huo ndio msingi wa tunayofundisha.

Chukua mwanzo wa kipindi. Katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kipindi ni dakika 40. Ikiwa kila mwalimu anapoteza dakika tano akisubiri utulivu, akitafuta chaki, akiuliza tulifika wapi jana, siku yenye vipindi vinane imepoteza dakika 40. Hicho ni kipindi kizima kila siku ya masomo, na hakuna aliyekigundua. Tunawashauri walimu wetu wafike mlangoni kabla ya wanafunzi kutulia, wawasalimu wakiwa wanaingia, na kazi fupi iwe tayari ubaoni: swali moja la marudio, mchoro wa kunakili, sentensi ya kusahihisha. Mtoto anaketi akiwa na la kufanya. Wiki mbili za kwanza za muhula mwalimu anafanya mazoezi ya utaratibu huu na darasa lake kwa uzito uleule anaoyapa mazoezi ya hesabu, akirudia bila kuchoka namna ya kuingia, namna ya kugawa vitabu, ishara ya kunyamaza. Wengine huona hilo ni kupoteza muda wa mtaala. Mimi naona ndio muda unaolipa kuliko wote katika muhula.

Najua swali linalofuata, kwa sababu huulizwa kila semina: na darasa la watoto sabini je? Ni swali la haki. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, na tangu sekondari msingi ilipowekwa ndani ya shule za msingi mwaka wa 2023, madarasa mengi ya Nairobi yamejaa kuliko yalivyojengewa. Kuna vyumba katika mitaa ya mabanda ya Mukuru na Mathare ambako madawati yamegusana hadi ukutani na mwalimu hawezi kutoka mbele. Kwa vyumba kama hivyo neno langu la kwanza ni dogo sana: sogeza madawati mpaka upate njia moja ya kupita katikati, hata kama ni nyembamba. Mwalimu aliyefungiwa ubaoni anabaki na sauti peke yake, na sauti inayopanda kila siku huzoeleka. Mwalimu anayeweza kutembea hadi kwa mtoto, akaweka kidole kwenye daftari lake na kuendelea kufundisha, amesahihisha bila kusimamisha darasa.

Neno la pili ni majina. Chora ramani ya darasa, andika nani anaketi wapi, uibebe mpaka usiihitaji. "Wewe wa sweta iliyoraruka" ni tusi, hata likisemwa kwa tabasamu. Katika jiji hili dawati moja linaweza kuwa na Wanjiru, Otieno, Abdi na Mutua, na mwalimu anayejitahidi kutamka kila jina kama linavyotamkwa nyumbani kwa mwenyewe amewapa wote taarifa kwamba humu ndani hakuna wa kando. Mwalimu anayelikoroga jina kisha akacheka na darasa amewapa ruhusa ya kumcheka mtoto huyo mwaka mzima.

Na hapo kwenye kicheko ndipo penye kiini cha jambo. Walimu wengi hupima nidhamu kwa ukimya. Mimi, nikiingia darasani kutathmini, husubiri mtoto akosee jibu. Mwanafunzi anasimama, anasema kitu ambacho si sahihi, au anachanganya Kiswahili na Sheng katikati ya sentensi. Darasa linafanya nini? Likiangua kicheko na mwalimu akatabasamu, basi hata kama watoto walikuwa kimya kama wako msikitini, darasa hilo halina heshima. Yule aliyechekwa hatasimama tena, na wenzake kumi waliokuwa na shaka sawa na yake wameamua kunyamaza naye.

Dawa yake inaanza kwa mwalimu kungoja. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida hungoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa wakinyamaza walianza kusema, na visa vya utovu wa nidhamu vilipungua. Sekunde tatu, mbele ya darasa la Gredi ya 8, ni ndefu sana kwa mwalimu mgeni. Tunawafanyisha mazoezi kwa kuhesabu moyoni. Jibu likija likiwa si sahihi, mwalimu anachukua sehemu iliyo sawa na kuijenga: "Umesema mmea unahitaji maji, hapo uko sawa. Nani atamwongezea mwenzetu?" Akisikia kicheko, anasimamisha kila kitu: "Hapa mtu akijaribu, tunamsikiliza." Anasema hivyo kila mara, kwa sauti ileile, bila hasira, hadi darasa lianze kulisema lenyewe.

Kanuni za darasa ziwe chache na zitungwe na wanafunzi wakiongozwa na mwalimu. Nne zinatosha. Ile karatasi ya kanuni kumi na tano ukutani, zote zikianza na "usi", hakuna anayeisoma baada ya wiki ya kwanza. Mtaala wa umilisi (CBC) wenyewe umeitaja heshima miongoni mwa maadili ambayo mtoto anapaswa kuyapata, pamoja na uwajibikaji, upendo, amani na uadilifu, na maadili hayafundishwi kwa kunakiliwa ubaoni.

Kosa halisi likitokea, lishughulikiwe kando. "Otieno, nikuone dirishani tukimaliza" inatosha kwa sasa. Kando, swali la kwanza liwe: kumetokea nini? Mwalimu wa Nairobi ana sababu nyingi za kuuliza kabla ya kuhukumu. Yuko mtoto anayesinzia kwa sababu ameamka saa kumi alfajiri kupanda matatu kutoka Githurai, na yuko anayesinzia kwa sababu hajala tangu jana mchana. Mpango wa Dishi na County wa serikali ya Kaunti ya Nairobi, ulioanzishwa mwaka wa 2023, unawapa wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi tano, na umesaidia pakubwa, lakini saa mbili asubuhi ni mbali na saa saba. Kuuliza hakufuti kosa. Aliyevunja rula ya mwenzake atafute namna ya kuilipa, aliyemtukana mwenzake amwombe radhi na aketi naye katika kazi ya kikundi, aliyechafua ukuta ausafishe. Adhabu itokane na kosa. Siungi mkono kuosha vyoo kama adhabu ya kuchelewa, kwa kuwa hakuna uhusiano kati ya mawili hayo, na watoto wanajifunza kudharau kazi ambayo pengine ndiyo inayomlipia mmoja wao karo.

Kuhusu kiboko, sheria haina utata. Kanuni za nidhamu shuleni za 1972 zilikiruhusu kwa masharti. Ziliondolewa mwaka wa 2001. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya adhabu za kikatili. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, ziwe za kimwili au za kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumbuka hayo mateso ya kisaikolojia. Kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake kunaweza kuingia ndani ya sheria hiyo.

Mjadala hata hivyo haujafa. Mwaka wa 2021, baada ya visa vya moto mabwenini na wanafunzi kuwashambulia walimu, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alipendekeza kiboko kirudishwe, na wazazi wengi walimuunga mkono. Walimu wenzangu hunijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubaliana nayo kabisa. Mtoto arekebishwe, aambiwe hapana, anyimwe anachotaka, alie ikibidi. Hayo yote yanawezekana bila fimbo. Mwanafunzi anayechapwa hujifunza kuficha kosa, na shule isiyojua watoto wake wanaficha nini ndiyo hushtukia moto usiku.

Basi mwalimu akiitwa ofisini na karatasi haipo, afanye nini? Aache kazi yenye mwisho unaoonekana: maswali matano, kila kikundi jibu moja la kuwasilisha akirudi. Amwambie mwalimu wa darasa jirani. Kiranja abaki na kazi zinazomfaa mtoto, yaani kugawa vitabu, kumpeleka mgonjwa kwa mwalimu wa zamu, kukimbia kuita mtu mzima pakiwa na hatari. Mwalimu akirudi, aanze na kazi: vikundi visome walichopata. Ambao hawakufanya wataonekana wenyewe, bila kuandikwa na mtu. Katika sekondari msingi, ambako walimu sita au saba hupokezana darasa moja, yafaa wakubaliane juu ya haya katika kikao cha walimu, maana utaratibu unaofuatwa na mwalimu mmoja tu huvunjwa na kipindi kinachofuata.

Mzazi naye ana nafasi yake. Muulize mwanao nani alimcheka nani leo, na mwalimu alisema nini. Akirudi na alama za kuchapwa, ziandike tarehe, zipige picha, na uende kwa mwalimu mkuu ukiwa mtulivu. Usiposikilizwa, nenda kwa mkurugenzi wa Tume ya Huduma za Walimu wa kaunti ndogo yako, au mpeleke mtoto hospitalini kisha uripoti kituo cha polisi ikiwa ameumia. Nambari ya simu ya watoto ni 116. Haitozwi malipo, hujibiwa mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.