Deni la Mwanafunzi Limeandikwa, la Mzazi Je?

Wazazi wanaoishi Marekani hutuuliza mara kwa mara: mtoto amekubaliwa vyuo viwili kusoma uhandisi wa kompyuta, aende wapi? Wengi wameshapitia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, wakaona kipato cha wahitimu kinapishana sana lakini deni ni lilelile, tuseme dola 23,000 huku na 25,000 kule. Wanaona basi gharama ni moja, afadhali penye mshahara mnono.

Hapo ndipo familia zinapoumia. Deni hilo linafanana kwa sababu sheria imeliwekea kikomo. Mwanafunzi anayetegemea wazazi hukopeshwa na serikali kuu si zaidi ya dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka wa tatu na wa nne. Jumla 27,000. Chuo kitoze ada ya dola 60,000 kwa mwaka au 12,000, kikomo ni hichohicho. Kinachopungua huzibwa na mkopo wa benki, ambao takwimu hiyo haiuhesabu kabisa, au na Parent PLUS, mkopo ambao mzazi huchukua kwa jina lake mwenyewe. Huo nao huonyeshwa peke yake, haujumlishwi na wa mtoto.

Tupige hesabu kwa riba za mwaka wa masomo 2023/24. Mwanafunzi mwenye deni la dola 25,000 kwa riba ya asilimia 5.5 atalipa kama dola 271 kwa mwezi kwa miaka 10. Mhandisi anayeanza kazi atazimudu. Mzazi aliyekopa 60,000 kwa asilimia 8.05 atalipa karibu dola 730 kila mwezi kwa muda huohuo, na mshahara wa uhandisi si wake. Deni hilo haliwezi kuhamishiwa kwa mtoto ndani ya mpango wa serikali. Mama aliyebakiza miaka 8 kustaafu asitie saini kabla hajaiona hesabu hiyo.

Takwimu ya kipato nayo ina mipaka yake. Wanaohesabiwa ni waliopata msaada wa serikali kuu tu. Mwanafunzi aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam kwa viza ya masomo hapati mikopo hiyo, wala hayumo katika takwimu. Wahitimu wa kozi wakiwa wachache, tarakimu hufichwa ili watu wasitambulike. Ukiona pako wazi, usichukue kipato cha chuo kizima, maana humo mna walimu, wauguzi na wengine wote. Tazama pia mstari wa uhandisi wa umeme, kwa kuwa vyuo vingine hufundisha fani hizo mbili katika idara moja. Halafu uliza wahitimu wanafanya kazi mji gani: mshahara wa San José, California, huliwa na kodi ya nyumba.

Kwa sheria ya 2025, wakopaji wapya wa Parent PLUS kuanzia Julai 1, 2026 hawatavuka dola 20,000 kwa mwaka, wala 65,000 kwa mtoto mmoja. Nina wasiwasi kwamba wengi watakimbilia benki, na deni litazidi kutoonekana. Kwa hiyo iandikie ofisi ya misaada ya fedha ya kila chuo, uombe gharama halisi ya mwaka baada ya kutoa ruzuku zisizorudishwa, ukiuliza pia kama ruzuku hizo zitaendelea mwaka wa pili. Zidisha kwa 4, kisha toa akiba uliyo nayo: kinachobaki ndilo deni la familia nzima, la mtoto na la mzazi.